Short 827: ndege ya mwaka 1916 niliyoiunda upya, ndogo na ya rimoti, hapa Kigoma

Liemba kila mtu Kigoma anaijua. Hata mtoto wa darasa la tatu pale Katonga atakwambia ni meli ya Mjerumani, ilikuja kwa vipande kwenye maboksi kama 5,000, ikaunganishwa hapa hapa bandarini ikaitwa Graf von Götzen, alafu Wajerumani wenyewe wakaizamisha tarehe 26 Julai 1916 walipoona mji unawaponyoka, Waingereza wakaja kuitoa chini mwaka 1924 na 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya. Hiyo stori tumekua nayo. Ila kuna kipande karibu kila msimuliaji anakiruka, na hicho ndo kilichonishika mimi: kabla meli haijazamishwa kuna ndege zilikuja juu ya mji huu kuitafuta.

Zilikuwa ndege za mabawa mawili, moja juu ya lingine, zinaruka kutoka majini na kutua majini. Aina yake ni Short 827, zimetengenezwa Uingereza na Short Brothers, na Waingereza waliwaazima nne Wabelgiji, waliokuwa wanatawala Kongo. Zikaletwa kwa meli mpaka mdomo wa Mto Kongo, kutoka hapo ni mto na reli, mto na reli, mpaka zikafika upande wa pili wa Ziwa Tanganyika karibu na mji ambao leo ni Kalemie. Juni 1916 rubani Mbelgiji, Aimé Behaeghe, akavuka ziwa akaja Kigoma akaangusha mabomu akiilenga Götzen. Meli haikuzama. Behaeghe mwenyewe hakuumaliza mwaka ule, alifariki huko huko Kongo mwezi wa Desemba.

Sasa hebu piga hesabu kidogo. Kutoka Kalemie mpaka Kigoma kwa angani ni kilomita 120 na kitu, na Short 827 ikikimbia mwisho wa uwezo wake ni kama kilomita 100 kwa saa, na mafuta yake yanakaa angani masaa matatu na nusu. Maana yake kwenda na kurudi umemaliza sehemu kubwa ya mafuta, chini ni maji tu, injini ni ya mwaka 1915, na mbele kuna watu wanakusubiri na bunduki. Nikisimama pale juu karibu na stesheni nikaangalia ziwa lilivyo pana huwa nawaza tu hao watu wawili kwenye kile kiti cha wazi. Ndo maana nilipoamua kuunda ndege ya rimoti sikutaka Spitfire wala hizo jeti ambazo kila mtu duniani anaunda. Hii ilishapita juu ya bandari yetu, niliitaka irudi.

Na kuna jambo moja nataka niliseme mapema kwa sababu watu wengi wanaoniuliza wanaanza na "vifaa unatoa wapi, si mpaka Ulaya?" Jamani, ndege ya 1916 ni mbao, kitambaa na waya. Basi. Hakuna kitu kwenye bodi ya ile ndege ambacho Kigoma hakina. Umeme wa kuiendesha ndo unaagizwa, lakini ndege yenyewe, ile inayoonekana, inatoka kwa fundi seremala, kwa fundi cherehani na kwa wavuvi, na tena inatoka vizuri kuliko ungenunua boksi limeshakatwa kila kitu.

Nilichagua kipimo cha moja kwa kumi. Ndege halisi bawa la juu lina mita 16.4 kutoka ncha mpaka ncha na urefu wake ni kama mita 10.7, kwa hiyo yangu ni sentimita 164 kwa 107. Inaingia kwenye bajaji ukiyatoa mabawa. Lakini uzuri wa moja kwa kumi hauko kwenye urefu, uko kwenye uzito, na hapa naomba unisikilize vizuri maana ndo roho ya kazi nzima. Urefu unagawanya kwa 10. Eneo la mabawa, kwa sababu ni urefu mara upana, unagawanya kwa 100. Uzito, kwa sababu ni urefu mara upana mara kimo, unagawanya kwa 1,000. Ndege halisi ikiwa imejaa ilikuwa kama kilo 1,540 na mabawa yake ni kama mita za mraba 47. Kwa hiyo yangu inatakiwa iwe na mabawa ya mita ya mraba 0.47 na uzito wa kilo moja na nusu, na mwendo unagawanya kwa kipeuo cha pili cha 10 ambacho ni kama 3.16, ile kilomita 100 kwa saa inakuwa kilomita 32. Ukiipata hiyo kilo moja na nusu, ndege inatembea angani taratibu kwa heshima yake, unaiona inaelea kwa uzito wa kitu kikubwa. Ukizidisha ikafika kilo mbili na nusu inabidi uikimbize ndo isianguke, na hapo hata uipake rangi nzuri namna gani haifanani tena na yenyewe. Mimi naamini ufanano wa ndege uko kwenye mwendo kwanza, rangi baadae. Kuna watu wanakesha kuchora misumari kwenye bodi alafu ndege inapita inawaka kama risasi, sikubaliani nao kabisa.

Kwa hiyo mizani ya jikoni ilihamia kwenye meza yangu na kila kipande kilipimwa.

Mbavu za mabawa nimekata kwenye ile foma nyeupe inayokuja ndani ya boksi la TV au friji. Madukani pale Mwanga wanaitupa, ukiomba wanakupa na kukushukuru juu. Tatizo lake ni nene na ukiikata na kisu inamomonyoka, kwa hiyo unachukua waya wa jiko la umeme lililoungua, unaunyoosha, unaukaza kwenye fremu ya mbao, unaupa umeme wa betri ya volti 12 mpaka ukate bila kuwa mwekundu, alafu unapitisha foma juu ya meza inatoka shiti nyembamba ya milimita 4 laini kabisa. Fanya kazi hiyo nje kwenye upepo, moshi wake ni mbaya kwa kifua. Baada ya hapo unakata sampuli mbili za ubavu kwenye plaiwudi, unapanga vipande vya foma katikati yake, unabana, unasaga na msasa vyote kwa pamoja, vikitoka vinafanana vyote. Umbo la ubavu wa zamani ni jembamba na limepinda, upande wa chini umebonyea kuelekea juu, na bahati nzuri bawa la hivyo ndo linalofanya kazi vizuri kwenye ndege ndogo ya mwendo mdogo, hayo mabawa manene ya kisasa kwenye saizi hii hayafaidi sana.

Mhimili unaobeba mbavu ni mpaina uliochanwa mwembamba, na mbele ya bawa na kwenye nguzo nimetumia mianzi. Mwanzi nguvu yake yote iko kwenye ganda la nje, ile nyama ya ndani ni uzito tu, kwa hiyo unachana, unaondoa ya ndani, unabaki na ganda. Ukitaka kukunja kwa ajili ya ncha za mabawa na mkia unapitisha juu ya mshumaa polepole huku unaukunja, ukipoa unabaki hivyo hivyo. Kazi hii naipenda kupita zote, unakaa barazani na mshumaa na mwanzi na jioni inaisha.

Waya sasa.

Mtu akiona ndege ya mabawa mawili anadhani zile waya zilizojaa katikati ni mapambo ya kizamani. Nimeshika bawa la chini na la juu yakiwa yameunganishwa na nguzo tu bila waya, unaweza kuyasokota kwa vidole viwili. Unafunga waya za mshazari, mara yote inakuwa kitu kimoja, unaweza kuishika kwenye ncha ukanyanyua ndege nzima. Waya zinazotoka chini ya bodi kwenda juu ya nguzo za nje ndo zinabeba ndege ikiwa hewani, zile za kinyume zinabeba mabawa ikiwa imekaa. Wazee wale wa 1914 hawakuwa na aluminiamu ya kujengea bawa moja nene, kwa hiyo walichukua mabawa mawili mepesi wakayafunga yakawa na nguvu ya daraja la chuma, kwa uzito mdogo ajabu. Nilikuwa nimesoma hayo muda mrefu, lakini mpaka ufunge ule mshazari wa mwisho mwenyewe na usikie mabawa yanagoma kusokotwa, hujaelewa.

Kwa waya zenyewe nilienda Katonga kwa mzee mmoja anayeshona nyavu. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, unataka mshipi wa kuvulia nini?" Nikamwambia wa ndege. Hakucheka wala hakushangaa, akauliza tu inatua kwenye maji? Nikasema ndio. Akaweka pembeni ule wa nailoni mmoja mmoja niliokuwa nimeushika, akaniambia huo ukilowa unavutika, leo umekaza kesho umelegea, akanitolea uliosukwa. "Huu ukiufunga umefunga." Akanionyesha na fundo lenyewe, linalokaza kila unavyolivuta na bado unaweza kulifungua ukitaka. Ndege yangu yote imefungwa kwa fundo la nyavu za migebuka na sijawahi kuongeza hata tone la gundi hapo.

Kitambaa ni bitana. Ile ile ya kuweka ndani ya koti, nyepesi ya poliesta. Ndege za wakati ule zilivikwa kitani alafu zikapakwa dopu, aina ya vanishi inayokaza kitambaa ikikauka. Sisi tunapaka gundi nyeupe ya mbao kwenye kingo za mifupa, tunaacha ikauke, tunatandika bitana tunapitisha pasi, gundi inayeyuka inashika, alafu pasi ya moto kidogo zaidi katikati na bitana inajikunyata mpaka ukiigonga inalia kama ngoma. Pasi isiende karibu na foma, kwa hiyo mbavu nimezivika kofia ya utepe wa mpaina juu na chini. Mama mmoja jirani, fundi cherehani, ndo alinifundisha kukata kitambaa kwa mshazari kwenye ncha zilizopinda ili kisifanye mikunjo. Alikuja na mkasi wake mwenyewe akasema "lete hapa mwanangu, utaiharibu." Mabawa yote manne ya kulia na kushoto, juu na chini, ncha zake amezikata yeye. Juu ya bitana ni vanishi ya maji iliyotiwa rangi kidogo, rangi ya mchanga iliyofifia, tabaka mbili nyembamba, na kila tabaka limepimwa kwenye mizani.

Maboya ni habari nyingine. Short 827 ilikuwa na maboya mawili makubwa mbele, moja dogo chini ya mkia na madogo mengine chini ya ncha za mabawa ili ikilala upande isizame bawa. Ukiangalia picha, yale makubwa ni masanduku marefu yaliyonyooka. Maji yana tabia ya kushika kitu chenye tumbo lililonyooka, linanata, halitaki kuachia, kwa hiyo ndege za majini zilizokuja baadae zikawekewa ngazi ndogo chini ya boya, nyuma kidogo ya kitovu cha uzito, hewa inaingia pale na maji yanaachia. Hapa nimekengeuka kutoka kwenye picha kwa makusudi: nimeweka hiyo ngazi, milimita chache tu, haionekani ndege ikiwa majini. Na maboya yamejazwa foma yote, na nyuma ya kiti cha rubani pia kuna foma, kwa sababu Tanganyika sio bwawa. Kina chake kinafika mita 1,470, kitu kikienda chini hapo kimeenda.

Kuna watu wa Dar wanaorusha za aina hii baharini na huwa nawaonea huruma kwa chumvi. Sisi maji yetu ni baridi, hayana chumvi ya bahari, ukimaliza unafuta unaanika. Bado resiva, kile kifaa kinachopokea amri za rimoti, nimeivika baluni nikafunga mdomo, na waya zote zina kitanzi cha kushuka ili tone likifuata waya lidondoke kabla ya kufika kwenye plagi.

Kwenye umeme sitakaa sana. Mota ya brashless, pangaboi la inchi 12, betri ya lipo ya volti 11.1, sevo (vimota vidogo vya kusukuma) za eleroni (vibao vya nyuma ya mabawa vya kuinamisha ndege upande), eleveta (kibao cha mkia cha kupandisha na kushusha pua) na usukani, transimita ya gigahezi 2.4. Vyote vilitoka Dar na vikaja kwa njia ya nchi kavu, kwa maana betri za lithiamu kwenye ndege za abiria zina masharti yake. Ila kuna hesabu moja ya nguvu ambayo ilinifungua macho. Injini ya Short 827, Sunbeam Nubian, ilikuwa nguvu za farasi 150, ambayo ni kama wati 112,000. Gawanya kwa kilo 1,540, unapata wati 73 kwa kila kilo. Yangu ina zaidi ya wati 150 kwa kilo, mara mbili na zaidi. Sasa hao jamaa wa 1916 walikuwa na hizo 73 tu, na ziwa letu liko mita 773 juu ya usawa wa bahari, hewa ya hapa ni nyepesi kwa asilimia kama 7 kuliko pwani, ongeza joto la saa tano asubuhi, injini inapumua hewa pungufu, bawa linashika hewa pungufu, pangaboi nalo hivyo hivyo, na maboya yale ya sanduku yamenata majini. Alafu ongeza mabomu. Nikiwa na yangu majini nikiiona inavyosuasua kabla haijaachia maji, na mimi nina nguvu mara mbili, heshima yangu kwa wale watu inapanda kila wiki.

Kitovu cha uzito kwenye mabawa mawili yasiyolingana kinasumbua kichwa, maana bawa la juu ni refu kuliko la chini. Nilichora yote mawili kwenye karatasi kwa upande, nikatafuta upana wa wastani kwa kulipa kila bawa uzito wa eneo lake, alafu nikaweka kitovu kwenye robo na kidogo kutoka mbele ya huo wastani. Betri nimeisogeza mbele kabisa mpaka inagusa mota. Pua ikiwa nzito kidogo ndege inakuwa ngumu kugeuka lakini inarudi nyumbani, mkia ukiwa mzito unaagana nayo.

Kuruka, chagua asubuhi. Miezi ya kiangazi upepo wa kusini ukishaamka ziwa linachafuka, na ndege ya nyuzi na kitambaa haitaki ugomvi na mawimbi. Sirushii Kibirizi, pale kuna mitumbwi, kuna abiria wa boti, kuna watoto. Na uwanja wa ndege uko karibu na mji, kwa hiyo kabla ya chochote ongea na TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga, wao ndo wenye anga, na sisi tuko mpakani, usije ukarusha kitu mtu akadhani ni droni ya kitu kingine. Mimi natumia ghuba moja tulivu ng'ambo ya Bangwe ambapo wavuvi wananifahamu na kuna mtumbwi wa kuifuata.

Ukianza, eleveta vuta nyuma kabisa, moto, yaani nguvu ya mota, ongeza polepole, pua inanyanyuka, maboya yanapanda juu ya maji, hapo unaachia eleveta irudi karibu na katikati na unaiacha ikimbie. Usiilazimishe. Inakimbia inakimbia, povu linapungua, alafu ghafla hakuna povu. Kwenye kona usitumie eleroni peke yake, mabawa marefu namna hii eleroni ikishuka upande mmoja inalivuta lile bawa nyuma, pua inaelekea kushoto wakati wewe unataka kulia, kwa hiyo usukani unatangulia na eleroni inafuata. Vijana wanaotoka kwenye droni hapa ndo wanapata shida, wamezoea kompyuta iwafikirie. Na kushuka, moto usiuzime. Nguzo zote zile na waya zote zile na maboya zinashika hewa, ukizima moto inasimama hewani kabisa na kudondoka, kwa hiyo unakuja nayo na moto kidogo mpaka boya linagusa, alafu ndo unaondoa.

Wa kwanza kuja kuishika ikitoka majini ni watoto wa pale, na swali lao ni moja, meli iko wapi? Wanataka na Götzen ili ndege iwe na cha kutafuta, na wana haki. Kwa moja kwa kumi haiwezekani, ile meli ina mita 71, ingekuwa mita saba, ndefu kuliko mitumbwi yao. Kwa moja kwa hamsini inakuja mita 1.4 na hiyo nimeshaanza kuichora, bati nitatumia la madebe ya mawese, na kwenye sitaha ya mbele nataka kuweka bunduki ya mbao, maana ya chuma Wajerumani walishaing'oa wakaipeleka kwa jeshi lao la nchi kavu wakabandika ya bandia. Kama nyumbani kwenu Ujiji au Gungu kuna picha ya zamani inayoonyesha sitaha yake kwa karibu, hata ya miaka ya 30 au 40, naomba niione, nitakuja na kamera tu na picha itabaki kwenu.